Ndege Hawakuruka

Sina sababu ya kukudanganya. Kwa umri wangu huu, nikiongopa nitapata nini? Ninalokusimulia limenipata mimi mwenyewe, mchana, akili zangu timamu, nyumbani kwangu Wembley. Na yuko mwenzangu, naye lilimpata siku hiyo hiyo upande wa pili wa London. Ningekuwa peke yangu ningesema labda niliota, labda ilikuwa homa. Lakini watu wawili hawaoti ndoto moja wakiwa macho, au wewe umepata kuona?

Huyo mwenzangu anaitwa Ghanima. Yeye Mpemba, mimi wa Unguja mjini. Tulikutana hapa London tukiwa wasichana, wote wawili tumekuja na wazee waliokimbia kwao, tukapata kazi pamoja kwenye dobi la hospitali moja. Kazi yetu kukunja mashuka. Sasa ukikunja shuka na mtu, yeye kashika ncha zile, wewe ncha hizi, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena, kutwa nzima, mtu huyo anakuwa ndugu yako upende usipende. Ndivyo tulivyokuwa. Tuliolewa, yeye akahamia Stratford, mimi nikabaki Wembley, na udugu haukupungua.

Mambo ya ndege aliyaanza yeye. Mumewe alipofariki nyumba ilimnyamazia. Siku moja ya baridi kali alinipigia simu akaniuliza, "Hivi shoga, ardhi ikiganda namna hii, hawa ndege wanakula nini?" Mimi sikuwahi hata kujiuliza. Yeye akenda kununua kile kibomba cha waya cha kutilia karanga, akakitundika kwenye mti nyuma ya nyumba yake. Waingereza wana jina lake. Sisi tukikiita sinia, kwa vile ndege walivyokuwa wakigombania nafasi kama watu kwenye pilau ya harusi. Baada ya sinia akanunua kamera iliyotumika. Baada ya kamera akanitia na mimi wazimu.

Watu wetu walitucheka. "Watu wazima na heshima zenu mnapiga picha shomoro!" Waache wacheke. Hawakujua raha yake. Unakaa jikoni, umezima taa ndege asikuone, pazia umelivuta pembeni, lenzi umeielekeza mtini, na pumzi unaibana ili kioo kisifanye ukungu. Mara anakuja yule mdogo mwenye utosi wa buluu, tukimwita Bwana Kofia, anachukua karanga moja anakimbia nayo. Kisha kundi la kwezi, wahuni wale, wanakuja kwa fujo kama wametoka mpirani. Na jioni, wote wameshakwenda kulala, anabaki mmoja peke yake, mwenye kifua chekundu kama kaa la moto. Huyo tulimwita Kifua Moto. Yeye hapendi mwenzake hata mmoja, bustani nzima ni yake, na akikuzoea anaweza kukusogelea mpaka kwenye kiatu.

Mafuta ya kuwalisha sikuyanunua dukani, nikiogopa yasije yakawa ya nguruwe. Nikichukua mafuta ya kondoo kwa muuza nyama wetu, nayayeyusha, nachanganya na chembe za mkate na karanga za kuponda, namimina kwenye vifuu vya nazi nilizokwisha kukuna. Yakiganda, natundika. Hapana ndege wa London aliyekula vizuri kama wangu. Na kila Jumapili simu ilikuwa lazima ilie. "Leo kaja nani kwako?" Tunaweza kuzungumza muda mrefu juu ya ndege mmoja.

Kisha tukagombana.

Mwanawe, Nassor, alikuwa amuoe binti yangu, Rukia. Sisi wawili tulilitaka jambo hilo kuliko watoto wenyewe, nafikiri. Kadi zimeshakwenda kwa watu, Rukia akasema hamtaki. Nilimbembeleza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, na jibu halikubadilika. Ghanima alifedheheka, na mtu akifedheheka mdomo unamponyoka. Kwenye maulidi ya watu, mbele ya wanawake wenzetu, alisema binti yangu ni kikombe cha hoteli, kila mpita njia kanywea. Neno likanifikia kabla hata halijapoa. Nami nikanyanyua simu nikamwambia, "Wewe mwanao hukumlea. Ulimfuga." Nikaikata.

Tukawa hatusemezani, mwaka huu, mwaka ule, mpaka ikawa ndiyo mazoea. Watu wazima walikuja kutupatanisha, wakaja kwangu nikawaambia, "Aje yeye." Wakenda kwake, akawaambia, "Aje yeye." Hata nikisafisha picha nilikuwa bado natoa nakala mbili mbili, moja yangu na moja yake, na ile yake naitia mtotoni mwa kabati, kwenye droo. Jumapili ilikuwa ndiyo siku mbaya kuliko zote. Anakuja ndege hujapata kumuona tangu uzaliwe, unampiga picha, halafu? Utamwambia nani?

Basi ilikuwa Februari, mwanzo mwanzo wa miaka ya tisini, ikaanguka theluji ambayo London haijaizoea. Redio ilisema watu wakae majumbani. Treni zimesimama, mabasi yamesimama, barabara yetu imekuwa nyeupe na kimya, husikii gari. Mume wangu alikuwa Maskati kwa mama yake mgonjwa, Rukia anaishi Birmingham. Nilikuwa peke yangu na ndege wangu. Asubuhi nilitoka na birika la maji ya moto kuyeyusha barafu kwenye sinia, nikatundika vifuu vipya, nikarudi ndani kukaa dirishani na kamera yangu.

Siku za theluji ndege huja kuliko siku zote, kwa njaa. Mti wangu wa tufaha ulijaa. Nikipiga picha, nikivuta filamu, nikipiga tena. Mchana ukaanza kufifia. Unajua majira ya baridi hapa, hujamaliza kuswali alasiri jua linakuaga. Niliinamisha kichwa kubadilisha filamu. Nilipokiinua, Ghanima alikuwa amesimama chini ya mti.

Naomba unielewe. Sikuona kivuli, sikuona ukungu wenye umbo la mtu. Nilimuona Ghanima, kama nilivyokuwa nikimuona miaka yote, na koti lake la sufi la kijani alilokuwa akilivaa zamani zile za dobi, mtandio kaufunga chini ya kidevu. Kasimama karibu na sinia kiasi cha kuligusa. Na ndege hawakuruka. Mimi ambaye ndege wale walikuwa wananijua, nikifungua mlango tu mti wote unatawanyika. Yeye walikuwa wakila juu ya kichwa chake. Bwana Kofia mmoja alipita baina ya shavu lake na tawi kana kwamba pale hapana kitu.

Nililiona hilo? Nililiona. Nilifikiri nini? Nilifikiri, huyu alikuwa fundi wa ndege siku zote. Ndivyo moyo unavyofanya. Kitu ulichokitaka miaka kikija, huanzi kukikagua.

Nikafungua mlango wa nyuma. Kwetu anayekuja ndiye anayepiga hodi, ndiye anayetoa salamu. Yeye hakupiga hodi wala hakunisalimu. Alisema, "Nimekuja."

"Karibu," nikamwambia, na machozi yameshanishinda. "Karibu ndani, Ghanima, utaganda."

"Hapa hapa panatosha."

Nikamtolea kiti cha jikoni, nikakiweka kizingitini, upande wa nje. Nikampelekea chai ya maziwa na tangawizi. Alikishika kikombe, kisha akakiweka chini kwenye theluji, pembeni ya kiti. Mimi nikakaa kwenye kigoda ndani ya mlango, magoti yetu karibu yagusane, na baridi yote ya ulimwengu inaingia jikoni kwangu, wala siijali.

"Nilikukosea," akasema. "Binti yako ni msafi. Mimi ndiye niliyechafua mdomo wangu."

Hayo ndiyo maneno yenyewe niliyokuwa nikiyataka. Nasema ndiyo yenyewe, neno kwa neno, kama nilivyokuwa nikiyasikia kichwani mwangu usiku nikikosa usingizi. Niliona ajabu kidogo, kwa sababu Ghanima ninayemjua haombi radhi kwa namna hiyo. Ghanima akiomba radhi huanza kwa kukugombeza. Lakini nani anakataa asali kwa sababu imeletwa kwenye kikombe asichokizoea?

Nikamwambia, "Nimekusamehe. Nawe nisamehe."

"Sema tena."

"Nimekusamehe."

"Sema mara ya tatu."

Nikasema mara ya tatu. Hapo mwili ulinisisimka, kwa sababu mambo ya mara tatu kwetu ni ya talaka, si ya kupatana. Uso wake haukubadilika. Alikuwa akinitazama kwa upole tu, kama mtu anayesubiri birika lichemke.

Kisha akachota karanga za kuponda kwenye kibakuli changu cha ndege kilichokuwa hapo mlangoni, akanyoosha kiganja nje. Kifua Moto akaja. Hakuzunguka, hakujaribu kwanza, alitua moja kwa moja kwenye vidole vyake akaanza kula. Ewe! Mimi nimekaa na ndege yule majira mangapi ya baridi, hajapata kunitulia mkononi hata siku moja. Nikaichukua kamera.

"Usinipige uso," akasema. "Piga ndege."

Nikaisogeza lenzi, nikampiga Kifua Moto kiganjani, picha moja, na mwanga ulikuwa unakatika. Kamera nimeishika kwa mikono miwili, hilo ulikumbuke. Simu ikalia ukumbini. Ilikuwa Rukia, anauliza kama nina chakula cha kutosha. Sikukaa naye sana. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu, kiza kimeingia, na theluji imeanza kuanguka upya, nene. Nikamwita. Nikadhani ameona aibu kuaga, akapita kichochoro cha nyuma. Asubuhi nilipokwenda kukichukua kiti nilikikuta kikombe palepale, kimejaa mpaka mdomoni, chai imekuwa barafu.

Siku hiyo hiyo nikampigia simu, kwa mara ya kwanza tangu ile niliyoikata. Nilisema, "Umefika salama?"

"Mimi?" akasema Ghanima. "Mimi nipo nyumbani, alhamdulillahi. Wewe je?"

"Mimi mzima."

Kisha tukalia wote wawili, na baada ya kulia akaniuliza leo kaja nani kwangu, tukaanza mazungumzo ya ndege. Basi. Neno la ile ziara hatukuligusa. Jambo la aibu likishapita salama, watu wazima hawalichokonoi. Mimi nikijisemea, kajishusha kaja kwangu na theluji ile, nisimtie haya kwa kumkumbusha. Laiti ningejua naye alikuwa akijisemea vivyo hivyo juu yangu!

Tukarudi kama zamani. Alikuja kwangu, nilikwenda kwake, tulifuturu pamoja. Na mwaka haujaisha Rukia akapata mchumba mwingine, kijana aliyemtaka mwenyewe. Ghanima ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kwenye shughuli ile. Sikumuomba. Alikuja na mkoba wake na kisu chake, akashika jikoni.

Alasiri moja kabla ya harusi tulikuwa wanawake wengi jikoni mwangu, tunamenya viazi na vitunguu. Mmoja wao, Bi Shuwea, jirani yangu ambaye hana breki kwenye ulimi, akasema, "Haya, leo mtuambie. Nyinyi wawili mlikuwa kama paka na panya. Nani aliyejishusha mwanzo?"

Ghanima akacheka. "Mwenzangu huyu. Sitaki kusema uongo. Kaja kwangu Stratford siku ile ya theluji kubwa. Heshima aliyonipa siku ile sitaisahau."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikacheka pia. "Acha kuninyanyua, wewe ndiye uliyekuja kwangu."

"Nimekuja wapi mimi?"

"Hapo hapo mlangoni ulipokalia kiti."

"Wewe ndiye uliyekaa kizingitini kwangu ukakataa kuingia ndani!"

Watu wakazidi kucheka. Walidhani tunasukumiana sifa, kama watu wanavyogombania nani alipe kwenye mkahawa. Bi Shuwea akasema, "Mwaona uungwana huo?" Lakini mimi nilikuwa namtazama Ghanima, na yeye ananitazama mimi, na vicheko vyetu vilikuwa vinakufa polepole kwenye midomo yetu. Kisu kikamtoka mkononi.

Tukapanda juu chumbani kwangu, tukafunga mlango.

"Niapie," akasema.

"Wallahi, Ghanima, siku ile sikutoka hata mlango wa mbele."

"Nami sikutoka. Nitoke vipi? Treni hazikuwa zikitembea."

Hapo ndipo akili ilipotujia. Treni hazikuwa zikitembea! Wala mabasi. Kutoka Stratford mpaka Wembley, na theluji ile, mtu atakwenda kwa njia gani? Mimi nilijua tangu asubuhi ile kwamba hakuna usafiri, redio ilikuwa ikipiga kelele jikoni kwangu. Yeye naye alijua. Na hakuna kati yetu aliyejiuliza.

Tukaanza kuhadithiana, kidogo kidogo, kama watu wanaopita gizani. Kwake alikuja "mimi", amevaa lile koti langu la hudhurungi nililokwisha kulitoa sadaka. Alisimama chini ya sinia na ndege wakaendelea kula. Alisema, "Nimekuja." Hakupiga hodi. Akamwambia, "Nassor ni kijana aliyelelewa akaleleka," na Ghanima akasema ndiyo maneno aliyokuwa akiyangoja, yaleyale. Akaambiwa aseme amesamehe, mara tatu. Kisha yule mgeni akalisha ndege kiganjani.

"Ulipiga picha?" nikamuuliza.

"Nilipiga. Ya ndege."

Mimi yangu nilikuwa nayo mtotoni mwa kabati. Nilikwisha kuisafisha siku nyingi, na nilikuwa naipenda. Lakini mpiga picha za ndege anaangalia jicho la ndege. Jicho likitoka kali, picha nzuri, mengine hayaangalii. Nikaitoa, tukaipeleka dirishani. Ghanima akaitazama muda mrefu. Kisha akaukamata mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akauweka karibu na picha.

Mimi nina kovu, hapa, baina ya kidole gumba na cha shahada. Mafuta ya kaimati yaliniunguza nikiwa mtoto, yakaacha alama kama jani. Kwenye picha ile mkono wa koti ni wa sufi ya kijani, koti la Ghanima. Na kiganja kinachotoka humo, chenye Kifua Moto juu yake, kina lile kovu langu.

Ni mkono wangu. Nami nilikuwa nimeishika kamera kwa mikono miwili.

Kesho yake Ghanima alikuja na picha yake. Mimi niliijua kabla hajaitoa kwenye bahasha. Mkono wa koti langu la hudhurungi, na kidole kidogo kilichopinda, kile cha Ghanima kilichovunjwa na mashine ya pasi dobini. Hatukupiga kelele. Tulizifunga zote mbili kwenye kitambaa tukazichoma kwenye sufuria, bustanini, na kuna watu huniambia tulikosea, tungeziweka kama ushahidi. Kaa nazo wewe basi, ulale nazo chumba kimoja.

Sasa sikiliza lililokuwa baya zaidi, maana hofu ya mkono ule ilipita. Harusi ilikwisha, wageni wakaondoka, tukabaki sisi wawili jikoni na masufuria. Ghanima akasema, "Basi shoga, yale yote hayakuwa yetu. Na tuseme sasa, wewe na mimi."

Nikafungua mdomo, na neno halikutoka. Niliitazama sura yake, nikasikia "kikombe cha hoteli" kama limesemwa dakika ile. Miezi yote ile nilidhani hasira imekwisha. Kumbe imelala tu. Nikamuona naye anahangaika, macho yamejaa maji. Hakuweza. Yule kiumbe, sijui nimwiteje, alikuja kuuchukua msamaha wetu mara tatu tatu akaondoka nao, na wenyewe wenye haki yake tukabaki mikono mitupu. Ghanima akavaa koti lake taratibu. Alisema "Usiku mwema," na ilikuwa mchana.

Kimya kikarudi, na safari hii hakikuwa na ugomvi ndani yake, ndiyo maana kilikuwa kizito zaidi.

Baridi ilipoingia tena nikasikia kwa watu kwamba Ghanima mgonjwa, kifua. Nilikaa dirishani siku mbili tatu nikitazama ndege bila ya kunyanyua kamera. Kisha asubuhi moja nikavaa viatu. Nikapanda treni, nikabadilisha, nikapanda nyingine. Kwake nilikwisha kwenda mara nyingi, lakini safari hii ya kujishusha nilikuwa nimeikwepa miaka yote.

Nikapiga hodi. Nikatoa salamu kwa sauti kubwa, nzima nzima, mpaka mpita njia akageuka.

"Nani?" akasema ndani.

"Mimi."

Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo haukutoka. Nikaona jicho lake moja na nusu ya mdomo. Kakonda. Alinitazama sana.

"Yule aliyekuja alikuwa na maneno matamu tu," akasema. "Kama ni wewe kweli, niambie lile neno uliloniambia kwenye simu."

"Ghanima, usinifanye nilirudie."

"Lirudie."

Nikiwa nimesimama barabarani Stratford, mchana kweupe, nikamwambia mwenzangu mgonjwa usoni kwake: "Mwanao hukumlea. Ulimfuga." Nilihisi ulimi wangu unaungua. Na nilipomaliza kulisema, ndipo nilipoliona lilivyo. Kwenye simu hulioni neno lako likimwingia mtu. Pale niliona jicho lake likifumba.

"Nisamehe," nikasema. Lilitoka lenyewe, na sikuwa nimelipanga.

Mnyororo ukaanguka. "Mwanamke mwovu wewe," akasema Ghanima, "kwanza umechelewa, pili umekuja bila ya hata kunipikia uji, ingia ndani baridi hiyo." Hapo nikajua kwa hakika kwamba ni yeye. Akaniomba radhi juu ya Rukia jioni, nikimpaka mafuta ya karafuu kifuani, kwa maneno mabovu yasiyo na mpangilio, nusu yake lawama. Nilimsamehe mara moja. Sikurudia.

Alipona. Yuko hai, umri wake umekwenda kama wangu, na sinia zetu bado zinaning'inia. Lakini nisikufiche, kuna kitu hakijarudi. Mlango wangu wa nyuma nimeutia komeo, na sikai tena dirishani jua likianza kufifia. Mume wangu akitoka dukani akiingia kimya kimya, namgombeza: toa salamu, mtu wewe, nikusikie! Na ikinibidi kumwambia mtu nimemsamehe, mkwe, jirani, yeyote, huushika kwanza mkono wake, nausikia joto lake, ndipo ninaposema.

Nimewauliza wajuzi kitu kile ni nini. Mmoja kasema jini, mwengine kasema ni nafsi zetu wenyewe zilizochoka kungoja. Mimi sijui, na sitaki kujua.

Nawe unayenisikiliza, najua yuko mtu. Kila mmoja wetu yuko mtu wake. Umekaa nyumbani kwako unasema, aje yeye. Mimi nakwambia, vaa viatu uende leo, kama njia ingali wazi. Maana atakuja. Ukimngoja sana, mtu wako atakuja, na sura yake, na sauti yake, na maneno yote unayoyataka. Na utamkaribisha.